Mabano yalivyonifungulia milango Sharm el-Sheikh

Novemba 2022 nilitumwa Misri kuripoti COP27, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mkutano wangu wa kwanza wa kimataifa. Siku tatu nzima sikupata habari ya maana. Mazungumzo yalikuwa ya faragha, na wajumbe wakitoka waliniambia tu, "Tunaendelea vizuri." Mhariri anasubiri.

Kilichonitoa ni rasimu zenyewe za makubaliano. Katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa, maneno ambayo nchi hazijakubaliana huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Nikachapisha rasimu mbili kuhusu mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kusaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ya jana na ya leo, nikazitandaza sakafuni, nikazipitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Mabano yakiondoka, mara nyingi wamekubaliana. Yakiongezeka, kuna mvutano. Swali langu likabadilika: "Aya hii jana haikuwa na mabano, nani ameyarudisha?" Hapo wajumbe wakaanza kusimama. Wale wa nchi ndogo za visiwa walionyesha wazi kufurahi kwamba kuna mtu amesoma kazi yao, na walistahili.

Mkutano uliopangwa kuisha tarehe 18 ulimalizika alfajiri ya tarehe 20, mfuko umekubaliwa. Nusu ya habari yangu ilikuwa imeshaandikwa.