Mabuti ya theluji kutoka Kongowea

Nilipopata nafasi ya kusoma Tampere, Finland, viatu vilinisumbua kuliko hata viza. Mimi mtu wa Lamu, miguu yangu imezoea makubadhi na kandambili. Kule Januari nyuzi kumi chini ya sifuri si habari, na ziwa Näsijärvi huganda watu wakalivuka kwa miguu.

Mabuti mapya niliyatazama kwenye intaneti. Bei ilinitisha, na utengenezaji wake ukanitia mashaka. Mengi ya yale yasiyopitisha maji yamekuwa yakitiwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo zikishaingia majini au ardhini haziozi. Ufaransa imezipiga marufuku kwenye nguo na viatu kuanzia 2026. Nasi Lamu kiatu kisichooza tunakijua: bahari hututupia kandambili pwani, hata jahazi la Flipflopi likaundwa kwetu kwa plastiki zilizookotwa, likavikwa vipande vya kandambili, na mwaka 2019 likatweka hadi Zanzibar. Basi nikaamua kununua mitumba.

Kongowea, Mombasa, mabuti ya theluji hulala chini kabisa ya rundo kwa kuwa hayana mteja. Muuzaji alinitolea kwanza pea iliyong'aa, haina hata mkunjo. Nikaiminya soli kwa kidole gumba: ikabonyea, ukadondoka unga. Soli laini za poliyurethani, aina ya plastiki, hunyonya unyevu wa hewani zikachakaa ndani kwa ndani hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto letu la pwani huziharakisha. Nikairudisha. Niliyoichukua ilikuwa imekwaruzika, lakini ni ya ngozi nene, bitana ya sufu, na soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka kiatu kizima. Soli ya gundi tupu ikibanduka, mara nyingi kiatu huishia jaani. Ya uzi hufumuliwa ikashonwa nyingine.

Niliijaribu nikiwa na soksi mbili nene, jasho likinitiririka, wauza viazi wa jirani wakinicheka. Nilichagua inayonizidi saizi moja, vidole vicheze. Kinachotia joto ni hewa iliyoshikwa na sufu. Buti likibana, hewa haina pa kukaa na damu haishuki vizuri.

Nyumbani nikalipima. Nilijaza buti magazeti, nikalisimamisha kwenye karai la maji ya mvua hadi usawa wa kifundo, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi magazeti ya kisiginoni yalikuwa makavu, ila karatasi iliyokuwa upande wa kidole kidogo imelowa, wino umesambaa. Maji yalipita kwenye matundu ya sindano. Mtu aliyeona mafundi wakitia kalafati mashua anajua: ubao hauvuji, huvuja maungio.

Fundi viatu wa Langoni akaurudia mshono kwa uzi uliopakwa nta. "Wenda vitani, mwanangu?" akaniuliza. Nikamwambia naenda kusoma. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Kisha nikapaka nta ya nyuki mwenyewe. Niliiyeyusha kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, nikaongeza mafuta kidogo ya simsim. Ya nazi sikutia, maana kwenye baridi huganda na kuacha ukungu mweupe juu ya ngozi. Buti lilianikwa kwanza likapata uvuguvugu, nta ikanywewa vizuri, hasa penye mishono. Rangi ilikoza, nami sikujali. Ngozi ya manyoyamanyoya, ile ya suede, nisingeipaka hivyo, ingeharibika sura.

Huku Tampere, theluji kavu haijanishinda hata mara moja. Kazi iko kwenye theluji iliyoyeyuka ikachanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani; hapo ngozi hufutwa kila jioni kwa kitambaa chenye maji, na nta hurudiwa. Soli ya ndani huitoa usiku ikauke, mbali na kipasha joto, kwa sababu joto kali hukausha ngozi ikapasuka.

Sasa kisigino cha kulia kimeanza kulika. Fundi mmoja wa hapa ameniambia atakibadilisha, na ujira anaoutaka unapita bei niliyonunulia pea nzima Kongowea. Nitamlipa, bado haufikii hata robo ya bei ya mabuti mapya.