Dirisha la kaskazini

Studio ya mchoraji wa enzi za Malkia Victoria huanza na dirisha, samani baadaye. Nyumba yangu ya wanasesere ina ghorofa ya juu, ninayoigeuza studio ya namna hiyo, iliyokaa tupu muda mrefu kwa sababu hiyo: sikutaka kuweka hata kiti kabla sijajua mwanga utaingilia wapi.

Wachoraji wa London walitaka dirisha kubwa linalotazama kaskazini. Saa zao za kazi jua liko upande wa kusini, kwa hiyo mwanga wa kaskazini hautikisiki. Kivuli cha pua ya anayechorwa hukaa palepale. Kwetu Tanga mpango huo usingefaa kitu. Mwezi wa sita jua lenyewe liko kaskazini, lingemfuata mchoraji mpaka kwenye rangi zake.

Mfano wangu ni nyumba ya mchoraji wa enzi hizo, Frederic Leighton, huko Holland Park, London, ambayo siku hizi ni makumbusho. Wengi huenda kuona ukumbi wa Kiarabu na vigae vyake vya Damascus. Katika kuvitafuta alisaidiwa na mpelelezi Richard Burton, yuleyule aliyetokea Unguja mwaka 1857 akaelekea Ujiji na mwenzake Speke. Mimi nilipandisha moja kwa moja ghorofani kuangalia dirisha. Ni kubwa kwelikweli, na bado halikumtosha bwana yule. Kwa ajili ya miezi ya baridi, London inapogubikwa na ukungu na moshi, aliongeza studio nyingine ya vioo juu ya nguzo za chuma.

Kipimo changu ni moja kwa kumi na mbili, yaani futi inakuwa inchi. Kioo ni kifuniko cha kasha la CD, na fremu ni vijiti vya kukorogea kahawa nilivyovipaka rangi nyeusi. Nyuma yake kuna taa ya LED, ile nyeupe ya ubaridi. Ya njano inapendeza, lakini inageuza studio kuwa sebule wakati wa magharibi.

Utamu wenyewe uko kwenye tyubu za rangi. Kabla John Goffe Rand hajabuni tyubu ya bati mwaka 1841, rangi za mafuta ziliwekwa kwenye vibofu vya nguruwe. Tyubu zangu zina urefu wa milimita 8. Nakata kipande cha tyubu tupu ya nyanya, nakipiga msasa maandishi yatoke, nakizungushia sindano ya kufumia, halafu nabana ncha moja kwa koleo. Ncha ya pili napachika tone la gundi liwe kifuniko. Zikikauka nazikunja mkiani, maana tyubu zilizojaa zote ni za dukani, si za mtu anayefanya kazi.

Moja ina lebo ya kahawia. Kulikuwa na rangi iliyotengenezwa kwa kusaga maiti za kale za Misri, zile zilizokaushwa. Mchoraji Mwingereza Edward Burne-Jones alipoambiwa asili yake, alichukua tyubu yake akaenda kuizika bustanini. Yangu nimeizika kwenye chungu cha maua, mkia unachungulia.

Kanvasi ni karatasi tupu. Uzi wa pamba, hata uwe laini vipi, kwa kipimo hiki unaonekana kama kamba ya jahazi.

Kisha kuna yule mtu wa mbao mwenye viungo, ambaye wachoraji walimvika nguo na kumwacha amekaa siku nzima, kwa kuwa binadamu huchoka na hutaka malipo. Baba Salma alipomwona alicheka. “Mama Salma, sasa mwanasesere naye ana mwanasesere wake?” Nikampa kisu anichongee vidole.

Imebaki ngazi ya nyuma. Kwa Leighton waliokuja kuchorwa walikuwa na ngazi yao, wasikutane na wageni wa heshima. Ubaguzi mtupu, lakini ndivyo nyumba ilivyokuwa, nami sitaki kuipamba. Ngazi ya kadibodi iko tayari. Haina pa kupita ila kwa kutoboa ukuta wa chumba cha watoto. Salma anapinga, kile chumba alikipaka rangi mwenyewe. Baba yake ameshaleta drili.