Bunduki ya upepo nimepata ndani ya nusu saa, chumba cha kupanga bado nahangaika

Agenti wa nyumba anataka salari slipi za miezi mitatu, barua ya mwajiri, benki stetimenti, ile namba ya Home Office ya kuhakikisha viza, halafu juu yake mdhamini mwenye nyumba yake hapahapa Uingereza, sijui anadhani nina mjomba Manchester. Chumba kimoja na kajiko! Wiki hiyohiyo naingia duka la bunduki, babu muuzaji anaangalia leseni yangu ya udereva kama nimefika miaka 18 (mimi, na mvi zangu hizi), anaandika jina na adresi kwenye daftari, nalipa, ananikabidhi bunduki na kunitakia wikiendi njema. Hakuna barua ya mtendaji, hakuna kwenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kama kwetu.

Kabla hamjaanza kunipigia simu, ni bunduki ya upepo. England na Wales nguvu ya mpigo wake ikiwa chini ya futi-pauni 12, yaani joule 16 hivi, haihitaji leseni. Ila muuzaji haruhusiwi kukutumia kwa posta, lazima akukabidhi uso kwa uso, ndo maana nimeendesha gari mwendo wote ule. Wa Scotland msinifuate, huko tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti cha polisi, na Ireland ya Kaskazini ndo kabisaa.

Yenyewe ni ya Mjerumani, Weihrauch HW95, ya mtutu wa milimita 5.5. Bei imepita paundi 400, pigeni hesabu wenyewe mkitaka kuumia, mi nimeshaumia. Ni ile ya kuvunja, unashika mtutu unauvuta chini inakunjika katikati, springi inajikaza mpaka usikie imekamata, unachomeka peleti moja (kirisasi chake kidogo) kwa kidole, unarudisha mtutu, umeshakoki. Ukikosa unaanza upya. Kuna watu hawapendi hiyo, wanataka zile za mtungi wa hewa ambazo unapiga tu mfululizo, lakini hizo ukinunua bunduki hujamaliza, unatafuta na pampu yake. Hii haitaki kitu, ni mkono wako tu.

Cha kwanza nilichoona ni uzito. Kwenye picha inaonekana nyepesi kumbe inakaribia kilo tatu na nusu kabla hujaweka darubini, ukisimama nayo dakika kadhaa bega linaanza kulalamika. Cha pili ni moshi! Zikiwa mpya hizi za springi zinatoa moshi na harufu ya mafuta, kwa sababu hewa ikibanwa ghafla inapata joto na kuchoma mafuta yaliyobaki ndani, ndo hivyohivyo injini ya dizeli inavyofanya kazi. Inaisha yenyewe ukiendelea kupiga, wala usiongeze oili ukidhani unaisaidia. Na kelele, mlio wenyewe sio mkubwa ila springi inalia twaang karibu na shavu. Triga yake sasa, wanaiita Rekord, aisee hapo Mjerumani apewe maua yake, unavuta kidogo inasimama, ukigusa tena imeondoka, hata hujajua saa ngapi.

Ugumu wake ni namna ya kuishika. Sisi tuliozoea kuona sinema tunaikumbatia kwa nguvu zote, na hapo peleti zinatawanyika hovyo. Pistoni, kile chuma cha ndani kinachosukumwa na springi kubana hewa, ikiruka bunduki inarudi nyuma halafu inasogea mbele, na yote hayo yanatokea peleti bado imo ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiibana leo hivi kesho vile kila peleti inakwenda kwake. Unaiacha ilale juu ya kiganja kilicho wazi, iruke inavyotaka, kila mara vilevile. Nilipoanza kufanya hivyo kwa mita 25 zikawa zinaingia kwenye duara la sarafu ya paundi mbili. Mruko huohuo ndo unaua darubini za bei chee, babu alinionya nichukue iliyotengenezwa kwa bunduki za springi. Na kamwe usifyatue bila peleti, pistoni inajigonga. Ukiwa umevunja, mkono mmoja usitoke kwenye mtutu mpaka umalize kuweka peleti, ikijirudisha vidole huvioni tena.

Sasa niseme lingine. Kuibeba tu barabarani bila sababu ya maana ni kosa, hata ikiwa tupu, na sheria haisemi rangi lakini macho ya watu yanasema. Mzungu akiwa na mkoba mrefu anaenda kuvua samaki, mimi nikiwa nao naenda wapi? Inakaa kwenye buti la gari ndani ya mkoba wake, risiti ndani, na sisimami hata kununua maziwa. Mnaokuja huku na viza za kazi hilo mlielewe, kosa la silaha ukilitia kwenye faili lako usitegemee watakuelewa kwenye maombi yanayofuata. Kama una watoto ifungie mahali, wa chini ya miaka 18 wakiifikia wa kuulizwa ni wewe. Na usithubutu kuiweka kwenye sanduku eti unampelekea shemeji zawadi Bongo.

Napigia kwa mzee mmoja, mume wa dada tunayefanya naye kazi ya kulea wazee, ana kiwanja cha farasi na tuta zuri la udongo nyuma. Sikumwomba kitu zaidi ya nafasi, ila siku ya kwanza tu katoka ndani na karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwamba nina ruhusa yake kupiga pale, na namba yake ya simu. Kaniambia iweke garini, wakikusimamisha wanipigie mimi. Yeye mwenyewe kaliona, sikumwambia. Nilikosa la kusema.

Mama nilimtumia picha akajibu, "Mwanangu, huko unataka kumuua nani?" Nikamwambia makopo. Sisi tumekulia mashamba ya mpunga Dakawa tukifukuza kwelea kwa manati na debe kutwa nzima, akacheka akasema ungekuwa nayo wakati ule. Huku nisingeruhusiwa, ndege wa porini wote wanalindwa, hata njiwa pori wanaokula kabichi za watu wana masharti yao.

Jumamosi najaribu kopo la peleti za kampuni nyingine, nzito kidogo, maana kila mtutu una peleti unayoipenda. Kama kuna mdau mwenye HW95 ya 5.5 aniambie yake inakula zipi.