Kadi Mbili za Njano

Mama yangu ni mzaliwa wa Rorya, karibu na Shirati. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, aliolewa Kendu Bay, upande wa Kenya. Miaka yote mama alikuwa akipanda basi kwenda kumwona, akirudi na miguu iliyovimba. Safari hii, magoti yalipokataa kabisa viti vya basi, nikamwambia nitampeleka mwenyewe kwa gari letu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Gari nalo linaruhusiwa kuvuka, baba?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mtu Mtanzania akiwa na pasipoti anaingia Kenya bila viza. Gari lina habari yake nyingine kabisa.

Kila niliyemuuliza Mwanza alinipa usia mmoja: usisahau kadi ya njano. Nikatafuta kadi za chanjo ya homa ya manjano. Yangu mpya ilinibidi niifanyie hesabu, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ya mama ilikuwa ya zamani, imeandikwa mwisho wake, na tayari alishaanza kuhofia kuchanjwa tena katika umri wake. Haikuwa lazima: tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabika cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka kumi. Nikaona mambo yameisha.

Ni dereva mmoja wa lori pale Igoma aliyeniuliza, "Na ya gari je?" Kumbe kadi za njano ni mbili. Ya pili ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na yenyewe huitwa hivyohivyo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima ikabaki, na mpaka leo kadi hiyo ndiyo inayomlinda mtu utakayemgonga ukiwa nchi ya jirani. Inamlinda yeye, si gari lako. Mwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lake, anatakiwa aende kwa kampuni yake, aombe iongezwe ifike Kenya, na apewe kwa maandishi. Nilifanya yote mawili wiki moja kabla. Wapo wanaoinunua mpakani kwa haraka. Mimi nisingeshauri mtu akate bima huku vijana watano wamemzunguka dirishani.

Tulitoka Nyakato saa kumi alfajiri. Kisesa tukaipita gizani, Magu kukaanza kupambazuka, na kufika Lamadi ziwa lilikuwa limeshawaka upande wa kushoto, Ghuba ya Speke yote ikimeta. Kutoka hapo barabara inapita pembezoni mwa Serengeti, karibu na geti la Ndabaka. Nyani walikuwa wamekaa kando ya lami kama wasubiri basi. Nilitembea hamsini kila palipo na kibao cha hamsini, maana tochi za trafiki njia ile hazilali, na nilikuwa nimeahidi kufika mpakani bila karatasi ya faini.

Bunda tulikunywa chai. Daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara, mama aliniomba nipunguze mwendo aangalie mafunjo. Tulipofika Mika, inapochepuka njia ya Utegi na Shirati, aligeuza shingo akaangalia ile njia mpaka ikapotea. Sikumuuliza kitu. Kuanzia hapo akaanza kuniita kwa jina la babu yake, kama anavyofanya tukiwa kwao.

Sirari, mpakani, tulifika saa tano kasoro. Kabla gari halijasimama, vishoka walikuwa wameshalishika: huyu anabadilisha hela, yule anajua dirisha, mwingine anataka pasipoti akugongeshee muhuri. Niliwashukuru wote na sikumpa yeyote kitu chochote. Nalisema hili kwa moyo wote kwa anayekwenda mara ya kwanza: pasipoti na kadi ya gari visitoke mkononi mwako mpaka mbele ya afisa aliyekaa ndani ya jengo.

Kituo chenyewe ni cha pamoja. Ukitoka Tanzania unaendesha mpaka Isebania, upande wa Kenya, na huko ndani ya jengo moja unamkuta afisa wa Uhamiaji wa Tanzania anayekugongea kutoka, na hatua chache mbele mwenzake wa Kenya anayekugongea kuingia. Mimi na mama tulimaliza upesi. Kijana wa dirishani alimwamkia "Shikamoo mama", akamtafutia kiti. Nikaenda forodha na mafaili yangu nikiwa na furaha.

"Gari la nani hili, kaka?"

"La mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Mwanza. Lakini kaniandikia barua, hii hapa."

Afisa aliisoma barua yote, akaigeuza nyuma, akairudisha. "Kaka, barua kama hii hata mimi naweza kuiandika sasa hivi. Magari ya wizi yanafika hapa na barua nzuri kuliko yako. Lete iliyothibitishwa na wakili, na nakala ya kitambulisho cha mwenye gari."

Nilisimama pale nikasikia joto linanipanda. Kadi ya gari ina jina la mke wangu kwa sababu ndiye aliyekopa SACCOS tukanunua gari, na nyumbani hatujawahi kuona kuwa jina lina uzito wowote; tunasema gari letu, basi. Ila nilipotulia nilimwona afisa yuko sahihi. Mtu hubeba sura yake na alama za vidole vyake popote aendapo. Gari halisemi, likishavuka, karatasi ndiyo inayolisemea, na karatasi yangu ilikuwa haijui kusema.

Nikampigia mke wangu. Aliacha biashara yake, akaenda kwa wakili mjini, akaapa, ikagongwa muhuri, akaipiga picha pamoja na kitambulisho chake cha NIDA, ikatumwa kwenye simu yangu. Nikarudi kwa miguu kutafuta steshenari ya kuchapisha karatasi, umeme ukawa umekatika, nikangoja jenereta. Kwa jumla saa mbili na nusu. Niliporudi nilimkuta mama chini ya mti, anaongea Kijaluo na mama muuza ndizi kama waliocheza pamoja utotoni. Walikuwa wameshagundua kuwa shangazi wa mmoja aliolewa kwa wajomba wa mwingine.

Afisa alipokea karatasi zote, akaandika fomu ya kuingiza gari kwa muda: namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe ya kuingia na siku nilizoomba. Akatoka nje mwenyewe akainama kulinganisha namba. Kisha akanikazia macho. "Hii ukirudi uirudishe dirishani ifungwe. Usipoifunga, kwetu gari hili litahesabika bado liko Kenya, na utadaiwa ushuru." Niliiweka pamoja na pasipoti.

Habari nzima ya mpaka huu mama alinieleza barabarani, baada ya Migori. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mama aliolewa Mwanza mwaka 1979. Dada yake, aliyemlea mgongoni, hakuwepo harusini. Alituma kitenge kwa wavuvi, kikapita ziwani usiku kwa mtumbwi, kikafika wiki tatu baada ya harusi kikinuka samaki. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na wao wakaonana mwaka uliofuata, kila mmoja akiwa na mtoto asiyejulikana na mwenzake. Mtoto wa mama alikuwa mimi. "Ndiyo maana nilikuuliza kama gari linaruhusiwa," akasema.

Njia ya Kenya haina ugeni mkubwa kwa dereva wa kwetu. Upande ni uleule wa kushoto. Kilichonitaka umakini ni matatu, yaani daladala zao, na matrekta ya miwa karibu na Awendo. Rongo tukakata kushoto kwenda Homa Bay. Kwenye kizuizi kimoja polisi aliona namba zetu za njano zinazoanza na T, akaomba leseni na bima. Nikampa leseni na ile kadi ya njano ya bima. Akaisoma, akasema, "Karibuni Kenya, mzee. Mwendo wa pole." Basi.

Homa Bay ziwa likarudi. Tulikuwa tumeliacha Lamadi asubuhi, na sasa lilikuwa upande uleule wa kushoto, maji yaleyale. Kenya ina sehemu ndogo tu ya ziwa hili, kama asilimia 6, lakini ukisimama pale huoni udogo wowote. Mama hulitaja kwa jina la kwao, Nam Lolwe. Mwanza tunakula sato na sangara. Hapa mama wa sokoni alituuzia ngege na mbuta, samaki walewale.

Tuliingia Kendu Bay jua likielekea kuzama. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani tangu mchana. Hakumkimbilia mdogo wake. Alikuja taratibu na fimbo yake, akalizunguka gari, akashika kibao cha namba, akapitisha kidole juu ya ile T. Ndipo akamgeukia mama akamwita, "Nyamera," yaani dada yangu, na wote wawili wakakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Tulikaa siku tano. Sitazisimulia, ni zao.

Siku ya kurudi tulifanyia taratibu zote upande wa Sirari. Fomu yangu ilifungwa, ikagongwa muhuri, nikasikia bega limeshusha mzigo. Afisa wa afya akaomba kadi za njano za chanjo, akaipokea ile ya mama iliyochakaa bila neno. Afisa wa forodha akaniomba nifungue buti. Mlikuwa na ndizi za Kisii, na gunia la omena, dagaa wetu, ambalo mama mkubwa alilipakia mwenyewe alfajiri na kukataa kusaidiwa.

"Mama," akauliza afisa, "mnapeleka dagaa Mwanza?"

"Hao ni wa dada yangu," mama akajibu kutoka kiti cha mbele.

Afisa akalifunga buti kwa mikono yake miwili, polepole.