Kabla hamjapunguza magoli ya wadada, shusheni kwanza wavu

Ule mjadala umerudi tena vijiweni. Kila Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakicheza mpira wa miguu ikaonyeshwa kwenye tivii, hapa Kigoma iwe mtaa wa Mwanga iwe Ujiji, hakosi mtu wa kusema makipa wa kike ni wafupi, goli ni kubwa mno kwao, wapunguziwe tu jamani mechi zinoge. Na si wote wanaosema hivyo wana dharau, wengine wanawapenda kabisa hawa wachezaji, hata Emma Hayes alipokuwa kocha wa Chelsea ya wanawake mwaka 2020 alitoa hilo wazo la magoli kuwa madogo, na yule mama ndo huyo huyo aliyekuja kuwapa Marekani dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, kwaiyo huwezi kumwambia hajui anachoongea.

Mi sikubaliani naye kwenye magoli. Ila sikubaliani pia na wale wanaosema kila kitu kiwe sawasawa na cha wanaume eti ndo usawa. Nimekuwa nikisaidia kufundisha wasichana wavu na mpira wa miguu hapa Kigoma na nilichokiona ni hivi, kinachobebwa mkononi, kuvaliwa mguuni au kufungwa kwa kamba kibadilishwe kimfae msichana, kilichosimikwa ardhini kiachwe kama kilivyo.

Angalia michezo mingine ilivyofanya. Kikapu, ring iko mita 3.05 kwa wote, lakini wanawake wana mpira wao saizi 6 na wanaume saizi 7. Mpira wa mikono goli ni mita 3 kwa 2 kwa wote, ila wanaume mpira wao una mzunguko wa sentimita 58 mpaka 60 na wa wanawake 54 mpaka 56, ili mkono uushike vizuri. Riadha ndo kabisa, kiwanja ni kile kile cha mita 400, lakini tufe la wanaume ni kilo 7.26 la wanawake kilo 4, mkuki gramu 800 kwa 600. Umewahi kumsikia mtu anamwambia mrusha tufe wa kike kwamba hajashinda kweli kwa sababu tufe lake jepesi? Mi sijawahi. Watu wameshazoea, na mchezo umekuwa mzuri, na hakuna aliyelazimika kujenga kiwanja cha pili.

Sasa njoo kwenye wavu, na hapa naomba mnivumilie maana ndo panaponiuma. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, wanaume kwa wanawake. Ila neti ya wanaume ina urefu wa mita 2.43 na ya wanawake mita 2.24. Hiyo ni sheria ya dunia nzima, haijadiliwi, hakuna wa kuombwa. Tofauti ni sentimita 19. Ukiisoma kwenye karatasi unaona ndogo, ila hizo sentimita 19 ndo tofauti kati ya binti anayepiga mpira ukashuka chini kwa nguvu na binti anayeusukumia juu tu ilimradi uvuke. Na shule nyingi nilizopita za huku kwetu neti imefungwa mara moja tu, kwa urefu wa wavulana, ikaachwa hapo hapo. Wasichana wanaingia wanacheza chini ya ile ile. Alafu mwalimu wa michezo anakaa pembeni anakwambia wasichana wa siku hizi hawana nguvu, hawawezi kuruka.

Kuna shule moja sitaitaja jina, niliwaomba tushushe neti kabla ya mazoezi ya wasichana nikaambiwa wavulana watachelewa kuirudisha. Kuirudisha tu jamani! Yani kamba mbili. Tulipokuja kuishusha mahali pengine, wale wale mabinti walioitwa hawana nguvu walianza kupiga spaiki, yani kuushusha mpira kwa nguvu, wiki ile ile, na ukishakuwa na mpigaji inabidi upande wa pili ujifunze kublok, yani kuuzuia juu ya neti, na ukishakuwa na block inabidi msetaji, yule anayempandishia mpigaji mpira, aanze kufikiria, yani mchezo mzima ukajifungua kwa sababu ya kamba. Kabla ya hapo mechi yao ilikuwa ni mpira unaenda unarudi, nani atachoka mwanzo.

Ndo maana nikisikia watu wazima wanabishana mpaka usiku kuhusu kupunguza magoli ya Twiga Stars nasikitika kweli, maana yale ambayo sheria imeshampa msichana hatujampa. Mpira wa kikapu saizi 6, nendeni mkaulizie kwenye stoo za shule zetu uko wapi. Mpira wa mikono saizi 2 vile vile. Mtoto wa kike anapewa saizi 3 ya wanaume, kiganja hakijai, anaubeba kwa mikono miwili, alafu anaambiwa hajui kurusha. Na hawa ndo tunawapeleka UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mashindano ya taifa yamewahi kufanyika Tabora hapo jirani kabisa, watoto wetu wanafika kule wanakuta neti iko kwenye kimo chake halali, wenzao wameizoea, wao ndo kwanza wanajifunza kuipimia macho.

Haya, mpira wa miguu. Kwa nini huku nasema msiguse goli?

Kwanza kuna historia ambayo watu hawaijui. Mpira wa wanawake umeshapunguziwa sana, na hawakupunguziwa kwa sababu mtu alipima akaona mchezo utanoga. Uingereza mwaka 1920 timu ya Dick, Kerr Ladies ilijaza watu 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park, mwaka uliofuata 1921 chama cha mpira kikawafungia wanawake viwanja vyote vya wanachama wake, marufuku iliyodumu karibu miaka 50. Walipokuja kuruhusiwa wakaanza kupewa mpira nusu nusu. Fainali ya Ulaya ya wanawake mwaka 1984 walicheza dakika 70 na mpira saizi 4. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, dakika 80. Ilibidi wafike 1995 ndo wakapewa dakika 90 kama watu wengine. Na kitabu cha sheria za mpira mpaka mwaka 2017 kilikuwa kinaruhusu vyama kupunguza kiwanja, magoli, mpira na muda kwa wanawake, wakiwa wamewekwa fungu moja na watoto na maveterani na walemavu. Mwaka huo ndo wakatolewa kwenye lile fungu. Mchezaji aliyepigania hayo yote ukimwambia leo tunakupunguzia goli, hata kama nia yako nzuri, yeye anaona mlango ule ule unafunguliwa tena.

Pili, na hii ndo sababu yangu kubwa, ni viwanja vyetu. Kigoma magoli mengi ni nguzo zimechimbiwa chini, za miti au bomba, goli moja huku moja kule, na watoto wa kiume wako pale kuanzia saa tisa. Wasichana wanapata ile nafasi inayobaki kabla giza halijaingia, na wengine hata hiyo hawaipati kwa sababu saa hizo wanatakiwa nyumbani kuteka maji na kupika. Sasa wewe leta sheria kwamba goli la wanawake ni dogo, lina vipimo vyake. Nani atachimbia magoli ya pili? Hakuna. Kitakachotokea nakijua kabisa, mabinti watafika uwanjani wataambiwa haya siyo magoli yenu, subirini yenu yaletwe. Ulaya wana magoli ya matairi wanasukuma, wanabadilisha kwa dakika tano, wao waongee hayo. Mkoa uliowahi kutoa Kigoma Sisterz ikacheza Ligi Kuu ya wanawake ulifanya hivyo kwa sababu mtoto wa kike aliweza kuingia kwenye goli lile lile la kaka zake.

Kuhusu makipa, ni kweli goli ni mita 7.32 kwa 2.44 na mpira ukienda karibu na mtambaa panya kipa mfupi anateseka. Sikatai. Lakini wangapi kati yao wamewahi kuwa na kocha wa makipa? Huku kipa wa kike mara nyingi ni yule aliyeonekana hana mbio, anawekwa golini, basi. Hafundishwi kusimama, kusogea mbele kumbania mpigaji nafasi, kuanguka. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria alidaka penati ya Christine Sinclair wa Canada kwenye Kombe la Dunia 2023, goli lile lile la mita 7.32. Na Serengeti Girls wetu walienda India mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka 17, wakawafunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali, hakuna aliyewapunguzia kitu.

Ila njumu, hapo mbadilishe leo leo. Mguu wa mwanamke una umbo lake, kisigino chembamba, unyayo tofauti, na viwanda vingi kwa miaka mingi vilikuwa vikitengeneza njumu za wanaume na kupunguza namba tu. Majeraha ya goti, ile kano ya ACL, yanawapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kabla ya Kombe la Dunia 2023 tuliwakosa Leah Williamson na Beth Mead wa England na Vivianne Miedema wa Uholanzi, wote kwa goti hilo hilo. Sisemi ni njumu peke yake, kuna misuli, kuna uwanja, kuna mazoezi. Lakini huku kwetu binti anavaa njumu ya mtumba ya kaka yake, namba mbili juu, amejaza soksi mbele, anakimbia kwenye udongo wenye mashimo. Wanaotaka kumpunguzia mtu kitu waanzie kwenye hizo namba mbili.

Kwa walimu wa michezo wanaosoma hapa, nguzo ya wavu ya kawaida ina mita 2.55 kwaiyo inatosha kwa wote. Mpelekeeni fundi wa kuchomelea aweke ndoano mbili kila nguzo, moja 2.43 nyingine 2.24. Mkifunga pimeni katikati ya uwanja kwa futi kamba, siyo kwenye nguzo, maana neti inalegea katikati, na pembeni kwenye mistari pande zote mbili ziwe sawa na zisizidi kimo cha katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Ndoano ya chini ipakeni rangi, ili hata mwalimu akiwa hayupo mabinti wenyewe waishushe.