Mitungi miwili ya gesi ya kilo 6, si mmoja wa 13

Safari ya Kiwayu, kisiwa cha huko Lamu, tulipakia jahazini mtungi mmoja wa gesi ya kupikia wa kilo 13, kumbe ulikuwa umebaki robo. Siku ya pili, wali wa nazi haujakauka, moto ukafifia, ukazima. Tukamalizia kwa vifuu. Sasa nabeba miwili ya kilo 6: mmoja ukiisha wa pili upo, tena kuushusha gatini hakuhitaji hamali.

Mjomba akataka tuitie chini, ngamani, tumboni mwa jahazi, isisumbue. "La, mjomba. Gesi hii nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, ikajikusanya humo humo, ikingoja kiberiti." Yangu hukaa juu, tezini, nyuma ya jahazi, wima, imefungwa kamba. Nikibadilisha mtungi napaka maji ya sabuni kwenye kifungio. Yakitoa mapovu, siwashi.

Upepo wa kusi ndio bado unanishinda. Bati la kukingia moto nimeshapoteza mawili baharini.