Siku moja na mashine ya kupima moyo (ECG), Unguja

Saa 12 na nusu nipo kwenye daladala la Mwanakwerekwe, saa 1 na nusu mashine ishawaka, vipira vya kubandika kifuani nishapangusa, jeli ipo. Mpaka saa 4 ni wazee wa presha tu: vua shati, lala, usiongee, haya peleka karatasi kwa dokta. Watu wanadhani kazi yangu kubonyeza kitufe, wengine wanaogopa eti nitawapiga shoti, na mashine yenyewe haimtii mtu umeme hata chembe, inasikiliza tu umeme wa moyo wake.

Saa 4 hivi akaingia mama na mwanawe, nyuma yao ami yake mtoto. Kijana kazimia akiogelea Forodhani, wenzake wakamtoa, nyumbani washasema shetani wa bahari na kombe kashanyweshwa. Sasa huyo ami! Mara mtoto asivuliwe shati, mara kwa nini si eksirei, mara ana mzigo bandarini. Mtoto anacheka, mistari inaruka, narudia. Umeme ukakatika, betri ishachoka zamani, tukakaa kungoja jenereta na ami haachi kusema.

Karatasi ilivyotoka safi nikaona QT ndefu, yaani moyo ukishapiga unachelewa kujiweka sawa kwa pigo jengine. Majibu si kazi yangu, nikapeleka. Dokta akashuku ugonjwa wa long QT, hiyo QT ndefu, aina ya kwanza, ya jeni ya KCNQ1: jeni hiyo ndo inatengeneza milango ya kutolea potasiamu kwenye seli za moyo, ikiwa mibovu seli inachelewa kutulia, na mtu anaweza kuanguka akikimbia, hasa akiogelea. Aina ya pili, ya KCNH2, hata kushtuliwa na kengele ya saa kunatosha kumwangusha mtu.

Ami: "Nyinyi mmeyajuaje, mmefungua moyo wa nani?"

Nikamwambia wanyama, ami. Panya wanabadilishwa jeni, ila moyo wa panya unapiga mara 500 mpaka 600 kwa dakika na hautegemei sana milango hii yetu, ndo maana sungura anafaa zaidi. Na mbuzi wapo, 1995 kule Maastricht, Uholanzi, watafiti waliwavuruga mdundo wa moyo kwa kifaa kusudi, wakaona kila ukizidi kuvurugwa unazidi kukaa hivyo hivyo. Kusikia mbuzi akakaa kitako. "Halafu wakawala?" Namjibu nini mie.

Dawa ya propranolol, ya kutuliza moyo, ikaandikwa, kuogelea marufuku. Mama analia, mie nje foleni imefika mlangoni na chai sijanywa, sijui ishakuwa saa nane au tisa. Halafu dokta anapita anasema hii ni ya kurithi, mzazi akiwa nayo kila mtoto ni nusu kwa nusu, ndugu wa damu wapimwe wote, tuanze na aliyepo.

Ami huyo kitandani, kimya. Kifua nywele tupu, vipira havishiki, nikafungua droo nikatoa wembe.

"Wa nini huo?"